Kamati ya Ziwani

Kulusumu hakuwa mtu mbaya. Hilo atakuambia mwenyewe kabla hujamuuliza, na akishakuambia atakukaribisha chai, na kabla chai haijapoa mtakuwa watu saba. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakuweza kuvumilia kiti kitupu. Chumba chao kilikuwa nyuma ya barabara ya Al Rigga, mtaa wa Deira, Dubai, ghorofa ya tatu, vitanda vya kupandiana, kila mtu na godoro lake na pazia lake. Kwa mkataba walikuwa wanawake sita. Tangu Kulusumu ahamie, hakuna aliyewahi kuwakuta sita. Walinzi wakitoka zamu walipitia. Mayaya wakipewa siku ya mapumziko walipitia. Mwanamke aliyegombana na mumewe alipitia, kisha mume akapitia kumtafuta, wote wawili wakala. Na Kulusumu, mzaliwa wa Busia, pale mpakani ambapo mtoto hufundishwa Kiswahili na madereva wa malori kabla hajafundishwa kufunga kamba za viatu, alikaa katikati yao akigawa sambusa kwa mkono huu na habari za watu kwa mkono ule.

Kitanda cha chini yake alilala Lillian. Lillian alikuwa mtu wa Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, mfanya usafi katika kliniki ya meno kule Oud Metha. Maneno aliyatumia kama mtu anavyotumia bando la simu mwisho wa mwezi. Walikuwa wamekaa pamoja miaka minne, na Kulusumu aliwaambia watu wote kwamba huyu ndiye rafiki yake wa chanda na pete. Lillian hakuwahi kupinga. Lini angepata nafasi ya kupinga?

Jumatatu moja Lillian alirudi kazini akakuta watu watatu kitandani kwake: mmoja anakula biriani, mmoja anasukwa nywele, wa tatu amelala usingizi wa pono na hakuna aliyejua ni nani. Hakugomba. Alimwita Kulusumu ngazini, akafunga mlango nyuma yao.

"Kulu, nimepata kitanda Oud Metha."

"Cha nani?"

"Changu. Chumba cha dada wawili wa Ethiopia. Wanaenda kazi, wanarudi, wanalala. Wanataka jibu Jumapili."

Kulusumu alishika reli ya ngazi kwa mikono miwili.

"Unanihama, Lilly?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuita." Lillian aliegemea ukuta. "Kuna ziwa kule jangwani, ukipita mashamba ya ngamia. Daktari wetu mmoja huenda kuvua huko. Hakuna choo, hakuna bomba, hakuna taa, hakuna duka. Maji, miti na mchanga, basi."

"Sasa mahali kama hapo mtu mzima anaenda kufanya nini?"

"Kukaa. Twende Jumamosi, mimi na wewe. Tulale kwenye hema, asubuhi tuvue. Nikae na wewe siku moja bila watu, nijue ninayemchoka ni wewe ama ni watu wako."

Kulusumu angeweza kukasirika, lakini swali lilikuwa la haki hata yeye aliliona. Aliinua kidole juu. "Mimi na wewe. Wallahi, hata kivuli changu nitakiacha nyumbani."

Kiapo hicho kilidumu mpaka asubuhi, na kilidumu kwa sababu alikuwa amelala.

Asubuhi alikumbuka kwamba hawana hema. Jamiru, Mganda wa Iganga aliyelinda jengo la ng'ambo ya barabara, alikuwa na hema aliloachiwa na mpangaji wa Kizungu aliyerudi kwao. Kulusumu akavuka barabara akiwa na nia moja tu, safi kama maji ya zamzam: kuazima hema na kunyamaza.

Sasa hapa ieleweke desturi ya watu wetu. Mtu akikukuta unakula, unamwambia karibu. Naye anasema ahsante, nimeshiba, hata kama utumbo unamlilia. Ukitaja safari, unasema twende. Naye anasema safari njema. Huo si mwaliko, ni adabu tu, kama kufuta miguu mlangoni. Kulusumu alikosea kusahau kwamba Dubai imejaa watu ambao hawajaalikwa mahali popote tangu siku waliyoshuka uwanja wa ndege.

"Hema la nini, Hajati?" Jamiru aliuliza.

"Jumamosi naenda ziwani na Lillian. Twende!"

Jamiru akasimama kitini. "Saa ngapi?"

"Saa ngapi nini?"

"Tunaondoka saa ngapi? Nibadilishane zamu mapema."

Kulusumu alifungua mdomo arekebishe mambo. Mdomo uleule uliomponza ukasema, "Saa tisa alasiri."

Si neno, alijifariji akivuka barabara. Jamiru ni mtu mmoja, na hema ni lake. Lakini watatu na hema na mizigo hawaendi jangwani kwa metro. Ilibidi gari. Na gari kwa Kulusumu lilikuwa na jina moja: Ami Marhun, mzee wa asili ya Unguja aliyeletwa Deira akiwa mtoto wa mgongoni, na sasa alikuwa na basi dogo la kubebea wafanyakazi.

"Watu watatu, na basi langu la viti ishirini na viwili?" Ami Marhun alicheka hadi kofia ikamkaa upande. "Mwanangu, n'chome petroli kupeleka upepo?"

Sauti ya mkewe, Bi Tufaha, ikatoka jikoni. "Mahala gani huko?"

Kulusumu akaeleza. Aliposema hakuna choo, Bi Tufaha akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Hapana choo?"

"Hapana, Bi Tufaha."

"Hapana maji?"

"Maji yapo. Ziwa zima."

"Mwanangu weye! Wazee wetu wamevuka bahari ili wana wao wasende haja porini, leo weye wafunga safari wende kwa khiari yako?"

Kulusumu alicheka, na katika kucheka adabu ikamtoka yenyewe, kama jasho. "Basi twendeni sote, Bi Tufaha, mkajionee."

Bi Tufaha aliutazama mwiko kama anayeuomba ushauri.

"N'tapika pilau," akasema. "Na samaki tutanunua sokoni kabla hatujatoka. Nguru wawili, na changu."

"Lakini tunakwenda kuvua, Bi Tufaha."

"Vueni. Nani kakukatazeni? Lakini watu watakula nini mkiwa mwavua?"

Neno "watu" lilimshtua Kulusumu kidogo. Lilimshtua kwa muda wa kushuka ngazi, kisha akalizoea.

Jioni hiyohiyo Jamiru alifungua kikundi cha wasapu akakiita "Utulivu Ziwani". Kufika Jumatano utulivu ulikuwa na watu kumi na tisa. Na kwa kuwa sisi hatuwezi hata kumzika paka bila mwenyekiti, ikaundwa kamati. Jamiru akawa mwenyekiti. Harriet, yaya mwenye sauti ya kengele, akawa katibu. Bi Tufaha akapewa chakula, maana nani angethubutu kumnyima. Kulusumu, kwa kuwa safari ni yake, akapewa cheo cha mlezi, ambacho hakina kazi yoyote ila kushangiliwa.

Kamati ilifanya kazi. Ilikubaliwa wanawake wavae kitenge kimoja, rangi ya maji. Eriya, mlinzi mwenzake Jamiru, akajitolea kuleta spika yake, ile iliyowahi kutikisa vioo vya jirani mpaka polisi wakaja. Mtu akauliza kama ziwani kuna msikiti karibu, mwingine akauliza kama kuna mamba, na mwingine akataka kujua samaki wa jangwani ngozi yao haikauki. Harriet akapendekeza keki.

"Keki ya nini?" Jamiru akaandika.

"Ya ziwa," Harriet akajibu, na pendekezo likapita.

Kuhusu kuvua, kikao kilitenga muda mwishoni, kisha muda ukaisha.

Na ukweli usemwe, Kulusumu alikuwa na raha isiyo na mfano. Alikuwa akipanga shuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli aliyofanyia kazi, simu inatetemeka mfukoni kila dakika, na kila mtetemo ulimpa joto la moyo. Lillian alimkumbuka, lakini alimkumbuka kwa namna iliyomfaa yeye. Alijiambia Lillian akiona watu wote hawa wamejitokeza kwa ajili yake, atalia kwa furaha. Alijiambia Lillian anapenda samaki, na samaki wenyewe huenda kwa makundi.

Alhamisi Jamiru, kwa wema wake, akamwingiza Lillian kwenye kikundi.

Kulusumu aliiona akiwa na shuka mkononi. Salamu zikamiminika: karibu, karibu sana, karibu ziwani, picha za maua, picha za samaki waliokaangwa. Kisha chini kabisa, mstari mmoja mdogo wa kijivu: Lillian ametoka.

Kikundi kikakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu kizaliwe. Harriet ndiye aliyeuvunja ukimya.

"Huyo Lillian ni nani kwani?"

Kulusumu aliketi juu ya rundo la mashuka machafu. Pale ndipo akili ilipomrudi, imechelewa na haina hata aibu, kama mgeni anayefika sahani zimeshaoshwa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jioni alimkuta Lillian jikoni. Alikuwa amenunua fimbo ya kuvulia, nyembamba, ya bei ndogo, na alikuwa anaifungua ndoana kutoka kwenye uzi kwa uangalifu na kuirudisha kwenye pakiti yake.

"Lilly, nitaivunja hii safari. Naapa."

"Usiape." Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nendeni tu. Nimeshawajibu wale wa Oud Metha. Nahama Jumapili."

"Hata hatujaenda, Lilly. Ulisema utaangalia kwanza."

"Kulu, ulipewa mtu mmoja wa kwenda naye. Mmoja. Umeleta basi."

Kulusumu aliingia chooni, mahali pekee katika nyumba ile penye komeo, akaandika kwenye kikundi: Ndugu zangu, safari imevunjika, mnisamehe. Jamiru alijibu papo hapo: Mlezi, kwa heshima zote, uamuzi wa kamati hauvunjwi na mtu mmoja. Vidole gumba vikainuka chini yake kama majani baada ya mvua. Bi Tufaha akatuma sauti, fupi, yenye kelele za sufuria nyuma yake: "Nguru keshatiwa ndimu."

Kwa hiyo Jumamosi basi lilikuja. Lilisimama kichochoroni chini ya jengo lao likinguruma, na nusu nzima ya Deira ikapanda. Walipanda walinzi, walipanda mayaya, wakapanda wenzake wanne wa chumbani wenye vitenge rangi ya maji, na yule mtu wa usingizi wa pono naye akapanda, ingawa bado hakuna aliyejua jina lake. Spika ya Eriya ilipewa kiti, kisha ikanyang'anywa ikawekwa mapajani mwa mwenyewe. Ndani kulinukia udi na bizari. Kiti kimoja tu kilibaki, mbele, karibu na Bi Tufaha, ambaye alikuwa amekishikia kwa mkoba.

"Mlezi! Mlezi! Mlezi!" basi zima likaimba.

Kulusumu aliweka mguu kwenye ngazi. Na wakati huohuo Harriet, viti vya nyuma, akaanza kusimulia habari ya yule dereva wa Satwa mwenye wachumba wawili katika jengo moja. Kulusumu alikuwa na nusu ya kwanza ya habari ile tangu mwezi uliopita. Nusu ya pili ilikuwa kwa Harriet. Alikuwa ameitafuta kila mahali.

Aliangalia juu. Dirisha la ghorofa ya tatu lilikuwa wazi, pazia linapepea nje.

Ulikuwa mguu mmoja tu, lakini kuurudisha chini kulimchosha kuliko kupanga mashuka ya hoteli nzima.

"Nendeni," akasema.

"Unaumwa?" Jamiru alitoa kichwa dirishani. "Mlezi haumwi siku ya shughuli!"

"Siumwi. Kuna mtu wangu yuko juu. Yalla, Ami, funga mlango kabla sijabadili nia."

Bi Tufaha alimtazama, akakitazama kiti, akauondoa mkoba, akaweka pale sufuria la pilau na kulifunga mkanda. Basi likaondoka. Lilipokata kona vicheko vililipuka ndani yake, na Kulusumu alijua kwa uhakika kabisa kwamba Harriet amefika pale pazuri.

Juu alimkuta Lillian amelala chali sakafuni, katikati ya chumba, mikono na miguu ameitandaza kama mtu anayeelea majini.

Lillian alifumbua jicho moja. "Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nimebaki."

Lillian alilifumba tena lile jicho. "Aki Kulu. Miaka minne, ndiyo kwanza nakipata hiki chumba."

"Nitoke?"

"Kaa. Lakini ukae kweli."

Kulusumu akakaa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, kama mtu aliyeitwa ofisini na meneja. Alisikia friji ikiguna. Alisikia bomba likidondosha tone. Aligundua kwamba pua yake inapiga mluzi akivuta pumzi, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia, bila shaka kwa sababu hakuna aliyewahi kulisikia. Maneno yalimjia kooni, mazuri, ya kuchekesha, akayasukuma chini kwa sambusa ya jana. Yakaja mengine. Akala sambusa nyingine.

Simu ikalia. Walikuwa wanapiga kwa video, na kwenye kioo picha ya Jamiru ilikuwa imevaa miwani ya jua.

"Pokea," Lillian alisema. "Utakufa."

"Nakufa, ndiyo. Sipokei." Akaisukuma chini ya godoro, akaikalia. Ikaendelea kutetemeka chini yake, ikanyamaza, ikatetemeka tena, kisha ikachoka.

Jua lilikuwa limeanza kulegea ukutani Lillian alipoketi.

"Unajua ni kwa nini nilitaka ziwa?"

Kulusumu wa siku zote alikuwa na majibu matano tayari. Huyu wa leo alitikisa kichwa.

"Baba alikuwa mvuvi. Kaka zangu hakuwachukua mtumbwini, alinichukua mimi, kwa sababu sikuwa napiga kelele. Tulikuwa tunakaa hata nusu siku, hatusemi kitu. Tukirudi mama anauliza mlizungumza nini, baba anasema, mengi." Alitabasamu kidogo. "Alifariki mwaka jana, mwezi wa tatu."

Kulusumu hakusema neno, na safari hii hakulazimika kujizuia. Yeye aliyejua mimba ya Sharifah wa duka la simu kabla ya Sharifah mwenyewe. Yeye aliyejua ni kafeel gani, mwajiri mdhamini, amemfukuza nani, na madam gani anamnunia nani. Hili lilipita umbali wa godoro moja chini yake na hakulijua.

"Ulipata habari ukiwa wapi?" sauti ilimtoka ndogo.

"Hapo ngazini. Nikafungua mlango, mlikuwa mnamsherehekea yule dada wa Mombasa aliyepata kazi ya hoteli. Ulinipa keki. Ukaniambia, Lilly, cheka basi."

"Nilikuambia hivyo?"

"Nikacheka."

Friji ikaguna, ikanyamaza.

Mkono wa Kulusumu ulienda chini ya godoro wenyewe. Msiba! Kitu kimoja alikijua duniani, nacho ni hiki. Basi lingegeuzwa. Bi Tufaha na sufuria lake wangekuwa hapa kabla ya isha. Jamiru angeongoza, Harriet angelia kwa sauti yake ya kengele, watu wangejaa mpaka ngazini, na Severin au Petero au yeyote aliyekuwa baba yake Lillian angepata matanga ambayo Deira ingeyasimulia mwaka mzima. Kidole kilikuwa tayari juu ya jina la Jamiru.

Lillian alikuwa anamtazama. Hakumkataza, alimtazama tu, kama mtu anayetazama uzi wake majini.

Kulusumu akaizima simu kabisa, mpaka kioo kikawa cheusi.

Alitandika shuka sakafuni, wakakaa wawili. Hakujua pa kuanzia. Katika matanga yote aliyowahi kukaa, na alikaa mengi, alikuwa mtu wa kuosha vikombe, kupokea wageni, kunong'ona mlangoni nani kaja na nani hakuja. Mikono yake haikuwa na kazi. Aliiangalia, akaificha chini ya leso.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Severin."

Kulusumu alishtuka jina alilolibahatisha limekuwa lenyewe. Kisha akakumbuka, kwa aibu, kwamba hakulibahatisha: Lillian alikuwa amewahi kulitaja, siku fulani, na yeye alikuwa amemkatiza.

"Bado nahama, Kulu. Ujue hivyo."

"Najua."

"Wewe sijakuchoka. Nimechoka na watu wako. Lakini watu wako hawatahama."

"Hawatahama," Kulusumu alikubali. "Kesho nitakubebea begi. Mimi peke yangu." Akanyoosha pindo la shuka. "Na mama? Mama anaendeleaje, tangu hapo?"

Lillian alimkagua usoni, akitafuta kama kuna mzaha. Kisha akavuta magoti yake kifuani.

"Mama ameanza kufuga kuku," alisema. "Aliuza ule mtumbwi, akajenga kibanda palepale ulipokuwa unaegeshwa…"

Kulusumu alikuwa na hadithi ya kuku. Ilikuwa hadithi nzuri sana, ya Busia, yenye polisi wawili na mganga mmoja ndani yake, na haikuwahi kushindwa kuchekesha. Ilimpanda mpaka kwenye meno. Akaimeza nzima nzima, na manyoya yake, akasogea karibu.

"Enhe," akasema.